Rafu ya Shule: Nairobi, Dar es Salaam, Lusewa

Ukitoka Songea kwenda Tunduru, kusini mwa Tanzania, lami inapita Namtumbo. Kwenda Lusewa unaiacha, unashika njia ya vumbi kusini, upande wa mto Ruvuma. Ni nchi ya Wayao, ya korosho, ufuta na mpunga. Madukani nilikuta madaftari na kalamu. Kitabu cha hadithi sikukiona. Hadithi huku hupitia mlango mmoja, shule. Vijana wa kidato cha nne niliozungumza nao waliisoma Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo kwa kupokezana nakala.

Nairobi ni vingine. Pembezoni mwa barabara wauza vitabu vikuukuu, maarufu kama "inama bookshop", hawakosi Siku Njema ya Ken Walibora. Riwaya hiyo ya 1996 inamtoa kijana Kongowea Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Ilipotahiniwa sekondari, jina la mwandishi lilienea nchi nzima, na nakala za waliomaliza shule zikashuka mitaani kwa bei ya mnyonge. Walibora aliwaandikia pia wadogo zaidi, kama katika Ndoto ya Amerika. Hata hivyo mkate wake ulitoka kwingine: alikuwa mtangazaji, kisha mhadhiri, hadi alipofariki Aprili 2020.

Dar es Salaam, mwandishi Edwin Semzaba naye alifundisha Chuo Kikuu hadi mwisho wa maisha yake, 2016. Lusewa nilipomtaja, vijana walidakia: "Ngoswe!" Tamthiliya yake hiyo imo kwenye mtaala. Nikauliza kuhusu Marimba ya Majaliwa, riwaya yake ya 2008 inayomzungusha mtoto Tanzania, wakatazamana. Kitabu alichowaandikia watoto hasa ndicho hakikuwafikia.

Njia ya kuwafikia ipo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, baadaye iliongeza hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na mswada wake huchapwa na kusambazwa shuleni. Kwangu huko kusambazwa kunazidi hizo milioni. Fedha humtunza mwandishi mwaka mmoja. Rafu ya shule humpa wasomaji kila mwaka, hata pasipo na duka la vitabu.

Basi wanaogawa nakala wasianzie mijini, ambako kitabu kina njia nyingine ya kufika. Waanzie Lusewa.