Pesa Hizi ni za Nani?

Kijana akifaulu mtihani wa mwisho wa KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, kwetu Mji wa Kale wa Mombasa hupongezwa kwa haluwa na kahawa, na kabla kikombe hakijapoa ashaulizwa ataandikwa wapi. Wazee watataja bandari. Mama atataja benki. Rafiki aliyeko Doha atatuma ujumbe kwamba huko mshahara ni mnono. Wote wamesema kweli, ila wote wanamtaja mwajiri, hakuna anayeitaja kazi yenyewe.

Nimekula mkate wa uhasibu katika kisiwa hiki kwa miaka mingi, na nionavyo mimi masomo ya CPA, ndiyo hayo ya KASNEB, yanamfunza mtu kuuliza jambo moja: pesa hizi ni za nani? Mizania, kodi na ukaguzi ni njia za kulijibu.

Chukua kampuni za kliaringi, za kutoa mizigo bandarini, zilizojaa Moi Avenue. Mteja wa Kampala anatuma, tuseme, milioni moja na nusu kwa kontena moja. Humo mna ushuru, malipo ya bandari, malipo ya wenye meli, na usafiri. Ada ya wakala yenyewe huenda isizidi elfu arobaini. Nilimkuta mzee mmoja ambaye kila kilichoingia benki kiliandikwa mauzo. Vitabu vyake vilionyesha tajiri wa mamilioni, na mwenyewe alikuwa amechelewesha kodi ya ofisi. Ushuru wa mteja huyu ulilipwa kwa pesa za mteja yule, na meli mbili zikitia nanga wiki moja, jasho linamtoka.

Tulifungua akaunti ya pembeni ya pesa za wateja. Kila kontena likapata faili lake, risiti za ushuru na za bandari zikabanwa humo, na hesabu ya mauzo ikabaki ada tu. Mzee alikunja uso. “Mwanangu, umenifukarisha kwa kalamu!” Nikamwambia zile hazikuwa zake tangu mwanzo. Baada ya muda si mrefu alipandisha ada, kwa sababu kwa mara ya kwanza alijua kazi yake inamgharimu kiasi gani. Hiyo, kwangu, ndiyo kazi ya mhasibu. Kujaza fomu za kodi za KRA hata kijana wa saiba ataweza.

Mnada wa chai nao uko hapa Mombasa tangu 1969, mwaka ule ule KASNEB ilipoundwa. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko huuzwa kwa dola, na kati ya mnunuzi na mkulima wa Kericho kuna dalali, ghala na benki. Kote huko anatakiwa mtu wa kuhesabu kilicho cha nani. Kaunti pia zinamtaka, tangu zilipoanza 2013. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu amalize ripoti yake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na anayeandaa hesabu zinazokaguliwa upande wa kaunti anahitaji elimu, na moyo mgumu vilevile.

Mlango usiotajwa ni wa wakfu. Mji wa Kale una nyumba ambazo kodi ya duka la chini ni ya msikiti, au ya kizazi cha aliyeiweka. Paa likivuja, nani alipe? Mpangaji akidaiwa mwaka mzima, nani amfuate? Wajukuu huja na kauli ya “nyumba ya babu yetu”, na mhasibu afungue daftari aonyeshe kwamba babu aliitoa. Hapo hakuna mwenye mali wa kukugombeza, maana yu kaburini. Malipo ni madogo, nakiri. Lakini sijaona kazi inayompima mhasibu kama hiyo.

Wapo wanaotaka kufungua ofisi yao siku ya pili baada ya matokeo. Polepole. Kutia saini ripoti ya ukaguzi kunataka uanachama wa ICPAK, chombo cha wahasibu wa Kenya kilichoanza 1978, pamoja na cheti chake cha kuruhusiwa kufanya kazi hiyo. Sheria ya Wahasibu ya 2008 haina mzaha katika hilo. Na Ghuba? Nendeni, riziki popote, lakini nendeni na uzoefu mkononi, si karatasi tupu.

Basi wewe uliyepata matokeo juzi, kabla ya kutuma maombi Nairobi, panda ngazi za ofisi moja ya kliaringi. Usiombe cheo. Omba faili moja la kontena, ulifuate kutoka malipo ya kwanza ya mteja hadi risiti ya mwisho. Huenda wakakwambia mshahara hakuna. Omba angalau nauli.