Waliovuka Bahari Kuja Kusoma Kihamba

Nataka kuwapasha habari ya safari fupi, ambayo sikutoka katika mlima wetu wa Kilimanjaro, lakini nalirudi nimejifunza mengi.

Wakati wa kiangazi naliitwa kuwa mkalimani wa wanafunzi 14 wa chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Hawakuja kupanda mlima. Walikuja na mwalimu wao kwa majuma mawili, wapate kujifunza jinsi watu wanavyokaa mahali pamoja vizazi vingi bila kuimaliza ardhi na maji, wala kuvunja ujirani wao. Katika mafunzo ya namna hii kitabu ni shamba lenyewe, na mkulima ndiye mwalimu.

Siku ya kwanza waliketi kihambani, wakaambiwa wahesabu orofa zake kama za nyumba. Juu kabisa ni miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe yumo zizini, hula majani na vigogo vya migomba, na samadi yake huirudia migomba. Hakuna kinachotupwa. Kihamba cha namna hii cha Shimbwe Juu kilitambuliwa mwaka 2011 na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo duniani. Mimi nalizaliwa kihambani, lakini sikupata kuzihesabu orofa zile hata siku moja.

Siku ya tatu tukapanda hata kwenye banio la mfongo. Wazee wetu waliuchimba kwa mikono, wakapitisha maji ubavuni mwa genge. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na asiyefika siku ya kuzibua hutozwa faini.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama mfongo utakauka barafu ya mlima ikiisha, maana tangu mwaka 1912 hata 2007 barafu ile ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Mwalimu wao akajibu kwamba chemchemi zetu hulishwa zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Basi moto ukila msitu, hasara yake kwa maji ni kubwa kuliko ya barafu.

Msichana mmoja akamwuliza mzee wa mfongo, "Babu, mwakani nani atachimba?"

Mzee akanyamaza. Akatutazama sisi tulioshika majembe. Mimi nina miaka 46, na katika kundi lile nalikuwa kijana. Nikaona haya, kwa kuwa mwanangu mwenyewe yuko Moshi mjini na pikipiki yake, wala hajapata kuliona banio. Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, hata fungu la mmoja halimshibishi. Tena akina mama, ambao hubeba majani ya ng'ombe toka tambarare, kwa desturi ya kale hawakuwa na neno katika baraza la mfongo.

Jioni ya mwisho wanafunzi waliwasomea wanakijiji waliyoyaandika, ili wasahihishwe. Walikuwa wameandika kwamba mfongo huharibika kwa mafuriko. Mzee akasema, "Mafuriko hubomoa siku moja, nasi twajenga. Mfongo hufa watu wasipokuja."

Majuma mawili hayatoshi kuijua nchi ya watu, nao walikiri hivyo. Lakini waliuliza swali tuliloliogopa.

Ndugu zangu walimu, na ninyi wazazi, siku ya kuzibua mfongo ikifika, wapelekeni watoto, wavulana kwa wasichana. Wahesabu orofa za kihamba, wamwulize babu. Mimi nimekwisha kumwita mwanangu. Ameahidi kuja Jumamosi, nami nimemwekea jembe.

Wasalaam,
Mwalimu wenu.