Jinsi Nilivyoisoma Habari ya Absalomu

Nyumbani kwetu Biblia haikuwa kitabu cha kusomwa kwa kujifurahisha. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Kila jioni baada ya chakula alitusomea mistari michache katika Biblia ya Kiganda, ile iliyotimizwa kutafsiriwa mwaka 1896, kisha akatuuliza, "Tumejifunza nini?" Nasi tulijibu upesi tupate kwenda kulala: tumejifunza utii, tumejifunza subira.

Basi nilipokuwa mwaka wa tatu hapa shuleni, mwalimu wetu alisema kwamba muhula ule tutaisoma Biblia kama tusomavyo vitabu vya hadithi na mashairi. Niliona hofu. Nilidhani Baba akisikia atasema kwamba Neno la Mungu limefanywa hadithi ya Sungura na Fisi.

Tulipewa Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 18. Mwalimu akasema, "Msiniambie kwanza funzo lake. Niambieni nani anasema, nani ananyamaza, na mwandishi anawangojesha nini."

Habari yenyewe wengi mnaijua. Absalomu amemwasi baba yake, Mfalme Daudi. Kabla ya vita Daudi anawaagiza majemadari wake watatu, watu wote wakisikia, wamtendee kijana kwa upole. Absalomu anapita chini ya mwaloni, kichwa chake kinanaswa matawini, nyumbu wake anakwenda zake, na Yoabu anamchoma. Hayo niliyajua tangu utoto.

Lakini mwandishi haishii pale. Anatutoa msituni na kutupeleka mjini, alikoketi Daudi katikati ya malango mawili, na mlinzi yuko juu ya paa. Mlinzi anaona mtu anapiga mbio peke yake. Halafu anaona wa pili. Sisi wasomaji tunaijua habari wanayoileta, mfalme haijui. Nilitamani watu wale wasifike.

Wa kwanza, Ahimaasi, anatangaza ushindi. Daudi haulizi habari za vita, anauliza kama kijana yu salama. Ahimaasi anababaika. Wa pili, Mkushi, anaulizwa swali lile lile, naye anajibu kwa maneno ya kuzunguka yasiyotaja kifo, ila baba anaelewa. Anapanda chumba cha juu ya lango akilia, na katika mstari mmoja tu anamwita Absalomu mwanawe mara 5. Mwandishi hasemi kwamba Daudi alikosea, wala hasemi kwamba alifanya vema.

Mwenzetu mmoja akatoa mithali: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mwalimu akajibu kwamba mithali hiyo ni kweli, lakini mwandishi hakuiandika.

Usiku ule nilirudi nyuma mpaka sura ya 14. Nikaona kwamba Absalomu alipokwisha kukaa miaka 3 ugenini, alirudishwa Yerusalemu, akakaa humo miaka 2 mizima asiuone uso wa baba yake. Hapo nikakifunga kitabu. Kaka yangu mkubwa alikuwa amegombana na Baba kwa ajili ya shamba, akahamia Jinja. Ulikuwa mwaka wa pili, na jina lake lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu.

Likizo ilipofika, Baba alinipa zamu ya kusoma jioni. Nilisoma sura ya 18 yote, tangu mwanzo hata mwisho, bila kuruka mstari. Nilipomaliza nilingoja swali la kila siku. Baba hakuuliza. Mama alikuwa ametazama chini. Tulikaa kimya muda mrefu, kisha Baba akaniuliza, "Unajua anakokaa?"

Nikasema, "Najua, Baba."

"Kesho uende ukamwambie Mama anamtaka."

Mama hakusema neno, lakini nilimwona anatabasamu.

Kaka alikuja siku ya tatu. Sitawadanganya, ndugu zangu: habari ya shamba haikupatanishwa siku ile, wala haikupatanishwa hata Baba alipofariki. Lakini walikula sahani moja, na tangu siku ile kaka alikuja nyumbani kila Krismasi.

Wako wanafunzi wanaoogopa, kama nilivyoogopa mimi, kwamba kuisoma Biblia kwa namna hii ni kuipunguza. Mimi sikuiona ikipungua. Nilikuwa nimeisikia sura ile mara nyingi na kuijibu upesi. Safari ile ndiyo ya kwanza niliyoisikiliza.