Matege ya Simba

Wadau, nimepotea kidogo. Si kazi tu, nilikuwa na mgonjwa Kagondo. Mgonjwa mwenyewe ni mbwa. Chekeni tu, hata mimi nilipoomba ruhusa nilimwambia mhariri wangu "nauguza nyumbani", nikashukuru Mungu hakuuliza namuuguza nani.

(Kagondo ninayoisema ni ile ya Muleba, yenye hospitali. Ile kata ya Bukoba mjini ni nyingine.)

Bibi yangu anaishi peke yake katikati ya kibanja chake cha migomba. Mwaka jana wezi waliingia usiku wakabeba magunia mawili ya kahawa ya maganda. Ilikuwa ada ya binamu yangu na bati za jiko, vyote vimeondoka usiku mmoja. Mimi niko Mwanza, siwezi kulinda kibanja kwa simu. Basi nikajifanya mjukuu wa maana, nikanunua mtoto wa mbwa wa miezi miwili na nusu, chotara wa German shepherd, ana makucha makubwa kuliko kichwa chake. Nikampa jina Simba. Nikampeleka mwenyewe, na masharti juu.

"Bibi, huyu si mbwa wa makombo. Mpe nyama. Mifupa usimpe kabisa, itamchoma utumbo."

Hilo la mifupa nililisoma mahali, na si uongo: mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha. Kwa hiyo kila wiki natuma hela ya steki na mapafu. Siku ambayo bucha limefungwa anakula ndizi na maharage kama sisi wote. Bibi alikuwa akicheka kwenye simu, "Waitu, mbwa wako anakula nyama kunishinda mimi." Nami huku nimevimba kichwa.

Mwezi wa pili simu ikabadilika. "Mjukuu wangu, mtoto wako anaruka kama sungura."

Kijana wa jirani akanitumia video. Simba alikuwa akisogeza miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, hop, hop, kisha anakaa upande. Miguu ya mbele imepinda kwa nje, matege kabisa. Bibi alipomgusa kiunoni alilia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa mbwa. Niliizima video kabla haijaisha.

Nikaingia kwenye intaneti usiku ule kama kawaida yetu. Nikasoma habari za nyonga za mbwa wakubwa: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kinacheza, kinasagika. Ni ugonjwa wa kurithi, ulielezwa Marekani tangu 1935, na German shepherd ni miongoni mwa wanaosifika kwa kuupata. Upasuaji wake ni mamilioni. Saa nane ya usiku nilikuwa nimeshamfanyia Simba matanga.

Baba mdogo naye alikuwa na tiba yake, isiyohitaji intaneti. "Mbwa kilema ni mdomo wa kulisha tu. Jumamosi nakuja kummaliza." Hakusema kwa ubaya. Kwa akili yake alikuwa anampunguzia mama yake mzigo.

Asubuhi nikampigia rafiki yangu mmoja, daktari wa mifugo aliyesoma Sokoine pale Morogoro. Nikamtumia video na hukumu yangu ya nyonga. Hata hakuijibu.

"Anakula nini?"

Nikamwelezea kwa majivuno, steki, mapafu, hakuna mifupa. Akanyamaza kidogo.

"Basi umemvunja wewe."

Alinieleza hivi. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na ndizi na maharage haviwezi kuziba pengo hilo. Lakini damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, moyo na misuli vinaitegemea. Chakula kisipoileta, vitezi vidogo vilivyo shingoni vinamwaga homoni inayokwenda kuichota kwenye mifupa. Ni kama mtu anayeng'oa bati za nyumba yake mwenyewe auze apate chakula. Mbwa mkubwa anapofika akali ya uchipukizi anaongezeka uzito kila siku, mifupa inabaki laini, inapinda, na wakati mwingine inapasuka kama kijiti kibichi. Mnyama wa porini anayekula nyama anatafuna na mifupa ya windo lake. Simba wangu nilimpa windo nililolitoa mifupa yote, kisha nikajisifu.

Nikajitetea kwamba anaota jua kutwa, vitamini D hakosi. Rafiki yangu akacheka. Ngozi ya binadamu inatengeneza vitamini D juani, ya mbwa inatengeneza kidogo sana. Mbwa lazima aile, kwenye samaki, mayai, maini. Nimekuwa mwandishi miaka kadhaa sasa na hili sikulijua.

Lingine la aibu. Kabla ya simu hiyo nilikuwa nimemwambia Bibi ampe Simba nusu kidonge cha diklofenaki, ile dawa yake ya magoti. Bibi alikataa. "Dawa yangu nimpe mbwa?" Uchoyo wake ndio uliomwokoa, maana dawa zetu hizo za maumivu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo.

Alhamisi nikapanda meli ya usiku Mwanza, asubuhi nikashuka Kemondo. Nilinunua dagaa wa ziwani hapohapo, mfuko mzima, nikapanda gari hadi Kagondo nikinuka kama soko.

Dagaa analiwa na mifupa yake yote, ndiyo siri. Tuliwaosha mchanga, tukawakausha, Bibi akawatwanga kwenye kinu. Kipimo alitupa daktari kwa uzito wa mbwa, akakaza: tusimwage tu, kalsiamu ikizidi nayo inaharibu mifupa ya mbwa mkubwa anayekua. Nyama ikapungua. Yai mara mbili kwa wiki. Na kufungiwa: wiki sita hakuna kukimbia wala kuruka, kwenye banda la mbuzi lisilotumika, tumetandika nyasi zile za kutandika nyumba ili miguu isiteleze.

Bibi alikuwa akitwanga, akasema bila kuniangalia, "Mbwa wetu wa zamani walikula vichwa vya samaki. Hakuna aliyepinda." Sikuwa na jibu. Mbona hukusema, Bibi? "Ulikuja na masharti."

Jumamosi baba mdogo akaja kama alivyoahidi. Bibi alimpokea na kinu mkononi, akamwambia mgonjwa yuko kwenye dozi na dozi haijaisha. Wakaingia ndani wakala. Mambo mengine mwanamume hawezi kubishana na mama yake.

Wiki ya pili Simba aliacha kulia akiguswa. Ya nne alianza kusimama mwenyewe kudai chakula. Picha ya eksirei hatukuwahi kupiga, kwa hiyo kama nyonga zake zilikuwa na kasoro ya kuzaliwa pia, litajulikana mbele ya safari. Ya kushoto bado inamvuta, akikimbia anakwenda kiupandeupande kama gari lililopinda chesisi, na matege ya mbele yamepungua bila kwisha. Daktari anasema mengine atazeeka nayo. Yale ni mimi.

Juzi usiku baba mdogo alipita kwa Bibi akitoka kwenye rubisi, hakubisha hodi. Alisimamishwa njiani kwenye migomba karibu nusu saa, akiita jina lake mwenyewe kama mgeni, mpaka Bibi alipotoka na taa.

Bibi alinipigia kunisimulia huku anacheka. Kisha akasema dagaa wamekwisha.