Ukisafiri nje ya nchi, kunywa maji na ujue choo kiko wapi

Kuna wakulima wenzetu wanaochaguliwa kwenda ziara za mafunzo nje, na wapo wafanyabiashara wanaovuka mipaka kila mwezi. Wataelezwa habari za pasipoti, chanjo ya homa ya manjano na fedha za kigeni. Choo hakitajwi. Watu wanaona aibu, hasa akina mama wakiwa mbele ya wanaume.

Matokeo ya aibu hiyo niliyaona nilipofuatana na kikundi cha wakulima kwenda Berlin, Ujerumani, kwenye maonyesho ya kilimo yanayofanyika kila Januari. Mama mmoja, mkulima hodari wa ufuta, aliacha kunywa maji tangu Dar es Salaam akihofia kuhangaika ugenini. Siku ya tatu alikuwa na homa, mgongo unauma, mkojo unachoma. Daktari akamtibu maambukizi ya njia ya mkojo, na maonyesho aliyoyasubiri kwa hamu akayasikia kwa kusimuliwa, yuko kitandani. Kwa hiyo kunywa maji. Hata usipokunywa, baridi ya Januari yenyewe inaleta mkojo.

Sasa utajisaidia wapi? Kule hakuna kuchimba dawa. Ukikutwa unakojoa kando ya barabara unaweza kutozwa faini. Vyoo vingi vya stesheni kubwa na vya vituo vya mafuta kwenye barabara kuu ni vya kulipia, na mlangoni utakuta mashine ya kuingiza sarafu. Kwenye vituo vingi vya barabara kuu bei tangu 2022 ni euro 1, nawe unapewa kuponi ya euro 1 ya kununulia kitu dukani hapo hapo. (Mwenye genge ameshaelewa: haja inamleta mteja hadi kwenye rafu.) Shida ni kwamba ukibadilisha fedha huku nyumbani unapewa noti tupu. Ukifika tu, nunua kitu kidogo kwa noti, kisha sarafu za senti 50 na za euro 1 ziweke mfuko wa peke yake. Hizo ni za choo.

Choo cha ndege na cha treni ya masafa ni bure, basi jisaidie kabla ya kushuka hata kama hujabanwa. Fanya hivyo hivyo mnapotoka hotelini na mnapomaliza kula. Ukipotea, tamka "toalete", watakuonyesha.

Mlangoni kuwa makini. Sisi tumezoea ME na KE. Kijerumani, D ni Damen, wanawake, na H ni Herren, wanaume. Mwenye Kiingereza cha kuombea maji akiona "Her" atadhani ni kwa akina mama; mtahadharishe. Kitasa kikionyesha rangi nyekundu, kuna mtu ndani.

Ndani hakuna maji ya kujisafishia, ni karatasi tu. Kama umezoea maji, tembea na chupa ndogo tupu na uijaze kwenye bomba la kunawia kabla ya kuingia. Karatasi iliyotumika inatupwa humo humo chooni na kuvutiwa maji, haiwekwi kwenye ndoo. Pedi ndiyo inakwenda kwenye ndoo.

Anayekwenda karibu, Nairobi au Kampala, awe na chenji ya nchi ile kabla ya kufika stendi, maana mlinzi wa choo hana kazi na shilingi yetu. Na tishu uwe nazo mkononi, zisibaki kwenye begi lililofungiwa buti la basi.

Kiongozi wa msafara, usingoje mtu aombe kusimama. Tangaza wewe mapema kwamba mtasimama wapi, na mteue mama mmoja wa kupokea shida za wenzake. Mwenye kisukari, mjamzito na mzee wapewe kiti cha kando ya njia, ili wasiruke magoti ya watu usiku kucha.