Kilimanjaro na umpendaye? Anzeni na miguu!

Kuna safari za mapenzi za kukaa ufukweni mkila pweza, na kuna safari ya Kilimanjaro. Huku mapozi hayana nafasi. Ukitaka kumjua vizuri mwandani wako, mwache avae buti linalombana halafu mteremke mlima pamoja.

Mimi na mzee wangu tuliamua kusherehekea miaka 10 ya ndoa kwa kupanda kwa njia ya Marangu, ambayo ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala. Njia nyingine ni mahema. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, halafu Kibo, mita 4,720. Kutoka hapo mnaondoka usiku wa manane kuitafuta Uhuru, mita 5,895. Chini msituni ni jasho na mvua, juu baridi inashuka chini ya sifuri. Fulana ya pamba waachie walioko mjini, maana ikilowa jasho haikauki, na ukisimama tu unatetemeka.

Moshi vifaa vya kukodi vipo, na ukiwa na subira soko la Memorial lina mitumba ya nguvu. Mzee wangu lakini alikuja na buti za kaka yake.

"Mama Amani, za bure unaziacha unakodi?"

"Bure yake utailipa kwenye mteremko."

Basi akaninunia. Nikamwomba kitu kimoja: azivae jioni, na soksi nene, ashuke nazo ngazi za gesti. Jioni mguu umeshavimba kidogo, kama utakavyovimba mlimani. Alishuka ngazi nne, akakaa chini. "Twende dukani."

Wewe nawe jaribu hivyo hivyo. Kabla hujafunga kamba, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja. Ukifunga, kisigino kisipande wala vidole visigonge. Kushuka ndiko kunakong'oa kucha.

Begi nalo lisikuchanganye kwa rangi. Mpagazi anabeba mzigo mkubwa, na haruhusiwi kuzidisha kilo 20, kwa hiyo vipodozi acha hotelini. Wewe unabeba maji, sweta na koti la mvua. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga, uzito ushukie hapo, mabega yapumzike. Angalia urefu wa mgongo wako, si wa mwili mzima. Mimi mfupi nina mgongo mrefu kuliko shoga yangu twiga.

Na begi la kulalia ingia ndani yake dukani, ufunge zipu. Likiwa kubwa mno utapasha joto hewa tupu usiku kucha.

Ila vifaa si dawa ya kimo. Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, nilianza kutapika na kichwa kikagoma. Kiongozi akasema nishuke. Mzee wangu angeweza kuendelea na msaidizi wake, Uhuru ilikuwa imebaki kama saa mbili. Akageuka nami. Alinishika mkono kwenye changarawe ile inayoteleza, zaidi ya mita 900 za kushuka, na miguu yake haikuyumba hata mara moja.

Wapendanao, kopeni suti ya harusi mkitaka. Buti kila mtu avae la kipimo chake.