Nyoka wa Mjukuu Wangu

Kwetu sisi watu wa shamba, nyoka akiingia nyumbani hatumwulizi jina, twatafuta fimbo. Nami nalikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipokwenda kukaa miezi michache kwa mwanangu huko Minnesota, Marekani. Mjukuu wangu wa miaka 10 afuga nyoka katika sanduku la kioo, kama watoto wetu wafugavyo njiwa.

Nyoka huyu hana sumu. Kwao ni majimbo ya kusini-mashariki ya Marekani, na wenyeji humwita nyoka wa mahindi, maana huonekana kwenye ghala za mahindi akiwinda panya. Yule wa mjukuu wangu alikuwa mchanga bado, mwembamba kama penseli.

Nyoka mchanga hukua upesi, kwa hiyo hujivua gamba kila baada ya majuma 4 mpaka 6 hivi. Kwanza macho yake huingia ukungu, naye aweza kukataa chakula. Kisha macho hutakata, na baada ya siku chache gamba huachia mdomoni. Nyoka hujisugua kwenye kijiti, akatoka, na gamba lote likabaki limegeuka nje-ndani kama soksi.

Lakini ilikuwa Januari. Nje theluji, ndani mashine ya kupasha nyumba joto ikawaka usiku na mchana na kuikausha hewa. Nyoka akajivua nusu tu. Vipande vilimgandia mgongoni, pete ya gamba ikamkaba ncha ya mkia, na jicho moja likabaki na kigamba chake cha zamani. Maana nyoka hana kope. Jicho lake hufunikwa na kigamba kiangavu, nacho hutoka pamoja na gamba. Pete kama ile ikiachwa, damu haipiti, na ncha ya mkia hufa.

"Babu, nimvute kidogo tu?" mtoto aliniuliza, machozi yakimlengalenga.

"La, mjukuu wangu. Tumngoje baba yako."

Baba yake alichukua kopo lenye matundu ya hewa, akatandika kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, wakamweka nyoka humo nusu saa. Kisha mtoto alishika kitambaa hicho kwa ulegevu, akamwacha nyoka apenye mwenyewe. Kila alipopita, kipande kilibaki kitambaani. Siku ya kwanza ulitakata mgongo. Siku ya pili ile pete ikatoka. Jicho hawakuligusa, maana mwenye kukibandua kigamba aweza kulipofusha. Walipomaliza walinawa kwa sabuni, kwa sababu nyoka huchukua vijidudu vya kuharisha.

Wakaacha sandukuni kikopo chenye kitambaa kibichi, nyoka ajifiche humo apendapo. Baada ya majuma 5 alijivua gamba zima, na vigamba vyote viwili vya macho vimo. Mtoto akalikunjua mezani, tukavihesabu.

Wazazi wenzangu, simwambii mtu aokote nyoka porini; wa kwetu wengine wana sumu kali. Ila mtoto yule, asiyeweza kukaa kitini dakika 5, alikaa nusu saa akingoja bila kuvuta. Mpeni mtoto kiumbe cha kutunza, hata kifaranga kimoja. Atajifunza subira ambayo maneno yetu hayamfundishi.